Askari wa Maneno

Msomaji mpenzi, ukitoka katikati ya mji wa Nairobi ukashika njia ya mashariki, majina ya mahali yatakusomea historia kabla hujafungua kitabu. Utapita Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ndilo jina lile lile la Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao, na maradhi yaliwaua wengi zaidi kuliko risasi. Ukiendelea mbele utafika Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm, na hapo utasikia watu wakitaja soko la Burma. Burma ni nchi ya mbali, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Siku hizi huitwa Myanmar. Jina lake lililetwa hapa na vijana wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa huko kupigana na Wajapani katika Vita Vikuu vya Pili.

Katika mitaa hii ndimo nilimolelewa: Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Bahati na Jericho, mahali ambapo nyumba zilijengwa zikitazamana, na siri ya jirani haikukaa nyumbani kwake kwa siku mbili. Utotoni mwangu hapakuwa na safu ya nyumba isiyokuwa na mzee mmoja aliyewahi kuvaa sare. Kwa hiyo neno askari lilikuwa na uzito kwetu. Na kila aliyetaka kura zetu aliujua uzito huo, akautamani.

Nataka kuzungumza nawe juu ya jambo hili: mtu anayegombea cheo anapowaeleza wapiga kura habari za utumishi wake jeshini, ana wajibu gani kwa ukweli? Tafadhali usinidhanie kuwa hakimu aliyekaa mbali na kosa. Mimi mwenyewe nilishiriki katika uongo wa namna hiyo, tena kwa mkono wangu na kalamu yangu. Nitakusimulia, kisha tutafakari pamoja.

Ilikuwa katika miaka ya 1970. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari karibuni, sina kazi, lakini nina mwandiko mzuri na Kiswahili cha kutosha. Bwana mmoja wa mtaa wetu aligombea udiwani. Jina lake sitalitaja, maana amekwisha fariki na watoto wake hawana hatia. Akaniita, akaniambia, "Kijana, nasikia unajua kuandika. Niandikie habari za maisha yangu ukurasa mmoja, tuzichape tuzigawe." Akanisimulia maisha yake bila ya majivuno. Alizaliwa mashamba, akasoma kidogo, na wakati wa vita akaajiriwa na jeshi kuwa karani wa ghala hapa hapa Nairobi. Alihesabu viatu, mablanketi na masufuria, akayaandika daftarini, akayapeleka stesheni. Vita vilipokwisha akaachishwa kazi, akafungua duka.

Nilirudi nyumbani nikaandika. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya kweli: "Alitumikia jeshi wakati wa vita vya Burma." Niliisoma mara mbili nikaiona baridi. Nikafuta maneno machache, nikaandika mengine: "Alipigana vita vya Burma." Angalia, msomaji, jinsi badiliko lilivyokuwa dogo. Kwa badiliko hilo nilimvusha mtu bahari bila ya meli, nikampa bunduki bila ya risasi, nikampa ushujaa usio na jeraha. Asubuhi nilimpelekea karatasi. Aliisoma, akafika pale, akanyamaza kidogo, akatabasamu, akasema, "Umeandika vizuri." Akanipa shilingi ishirini. Hivyo ndivyo uongo ulivyozaliwa: mimi niliutunga, yeye akaukubali, na kila mmoja wetu akajisingizia moyoni kwamba kosa ni la mwenziwe.

Karibu na nyumba yetu aliishi mzee mmoja aliyekuwa amepigana Burma kweli. Nisemapo amepigana, yeye mwenyewe angenisahihisha, kwa kuwa hakupenda neno hilo. Alikuwa mpishi wa kikosi katika jeshi la Keya, kama watu walivyoliita lile jeshi la King's African Rifles. Alipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika majira ya mvua, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa ikisukumana na Wajapani kuelekea Kalewa kwenye mto Chindwin. Alisema matope yalifika magotini, na nyumbu walizama wakiwa na mizigo migongoni. Alisema kuwa kazi ya mpishi ina huzuni yake, kwa sababu mpishi ndiye anayepika chai asubuhi kwa watu kumi na jioni akawamiminia watu sita. Zaidi ya hayo hakupenda kusema.

Jioni moja mzee huyo aliniita, karatasi yetu mkononi mwake. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. "Mwanangu, nisomee," akasema. Nikasoma. Nilipofika kwenye sentensi ile nilitamani kuiruka, lakini sikuthubutu, maana pengine alikuwa amekwisha somewa na mwingine. Niliposema "Burma" uso wake ulikunjuka. Akaniuliza, "Alikuwa kikosi gani?" Nikajibu, "Sijui, mzee." Nilidhani anamshuku. La, hakumshuku hata kidogo, alifurahi! Akasema, "Miaka yote hii tumeishi naye mtaa mmoja wala sikujua. Labda tulipita njia moja. Nitakwenda kwenye mkutano nimwone."

Akaenda kweli. Mkutano ulifanyika karibu na ukumbi wa Kaloleni. Mzee alivaa koti lake zuri, akabandika nishani zake mbili kifuani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Hotuba zilipokwisha alipenya katikati ya watu, akamshika mgombea mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwuliza kwa furaha kikosi chake na mahali alipovukia mto. Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nikamwona mgombea akitazama juu ya kichwa cha mzee, akisema, "Tutaonana, mzee, tutaonana," huku akiutoa mkono wake taratibu, akamgeukia mtu mwingine. Mzee alibaki amesimama, mikono yake ingali mbele kama mtu anayengojea kupokea kitu.

Tulirudi nyumbani pamoja bila ya kusema. Karibu na mlango wake nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mzee, alikuwa karani wa ghala hapa Nairobi. Maneno yale nimeyaandika mimi." Nilingoja anikaripie. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: "Kwa nini hakusema hivyo? Viatu nilivyovaa Burma vilitoka ghalani. Laiti angalisema alivihesabu yeye, ningalimshukuru na kumpigia kura." Kisha akaniuliza, "Karatasi zimebaki ngapi?" Nikamwambia zimebaki nyingi. Akasema, "Basi bado waweza kuandika tena." Akaingia ndani.

Sikuandika tena. Nilikuwa nimekwisha zitumia zile shilingi ishirini, nami niliogopa kuaibika. Bwana yule akashinda.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeishi nikaona kuwa wakati mwingine ni ndefu. Yaweza kuchukua miaka mitano kamili kutoka uchaguzi hata uchaguzi. Sikiliza yaliyofuata. Wazee waliotoka vitani walikuwa na haja ya vibanda vya kuuzia sokoni. Walichagua wajumbe wamwendee diwani wao, na kwa kawaida wangalimkuta ana masikio mawili kwao, kwa kuwa alijiita mwenzao. Lakini diwani hakuweza kukaa nao chumba kimoja kwa nusu saa. Kila mmoja wao alikuwa swali lililo hai. Mara ana safari, mara ana mkutano, mara njoo Jumatatu. Hakuwa mtu mbaya. Wajane aliwasaidia, wauza mboga aliwasaidia, vijana wa mpira aliwanunulia jezi. Wale peke yao ambao alikuwa ameazima heshima yao, hao ndio alioogopa kuwatazama usoni. Yule mzee alifariki kabla kipindi cha udiwani hakijamalizika, na kibanda hakupata.

Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa uongo huu. Watu wengi hufikiri kwamba mgombea akijisifu vita asivyopigana amefanya kosa la majivuno tu, kama mvuvi anayemrefusha samaki. Sivyo. Heshima ya askari haikutoka hewani. Ililipiwa na watu fulani, mahali fulani, siku fulani. Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa baharini na nyambizi ya Wajapani, nayo ilikuwa imechukua askari wengi wa Afrika ya Mashariki. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Mtu anayesema "nilikuwako" ilhali hakuwako anajilipa mshahara wa hao walionyamazishwa na maji. Kisha anawakimbia walionusurika, kwa sababu ndio wanaoweza kumdai.

Fikiri tena juu ya thamani ya jambo hili katika historia ya kura zetu. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Siku zile si kila mtu mzima aliyekuwa na haki ya kura. Palikuwa na sifa zilizowekwa: elimu, mapato au mali, na nyinginezo; na utumishi wa muda mrefu katika jeshi ulikuwa mmojawapo. Mwenye sifa kadhaa aliweza kupewa hata kura tatu. Utaratibu huo haukuwa wa haki, nao ulikwisha; lakini watufundisha jambo. Mpiga kura maskini alitakiwa athibitishe utumishi wake ndipo aandikishwe. Seuze mgombea, anayeomba si kura moja bali maelfu! Je, yeye ataaminiwa kwa sauti yake tu?

Na katika uchaguzi huo huo wa 1957 Nairobi ilimchagua Tom Mboya, kijana ambaye hakuwa askari. Alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa afya katika Halmashauri ya Mji, kisha akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1961 akashinda tena, kwa kura nyingi mno, katika jimbo la Nairobi Mashariki, yaani katika mitaa hii hii ya wazee wa Keya. Maana yake ni kwamba watu wa Eastlands hawakudai mgombea awe na bunduki katika maisha yake. Walidai awe na kazi inayojulikana. Mgombea anayejitungia vita anawadharau wapiga kura, kwa kuwa anawadhani hawawezi kuipenda kazi ya kweli.

Wako pia waliokuwa jeshini kweli wakalieleza jambo hilo kwa kipimo chake. Bildad Kaggia, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Kandara mwaka 1963, alikuwa jeshini katika Vita Vikuu vya Pili, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza. Katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1975 alieleza jinsi safari hizo zilivyomfumbua macho. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, aliingia Keya mwaka 1942, akapelekwa Burma, na baadaye akawa kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau katika Mlima Kenya. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Hakusimulia ushindi peke yake. Alisimulia pia kukamatwa kwake mwaka 1954, na mazungumzo aliyoyafanya na Serikali akiwa mfungwa, mambo ambayo mtu wa kujipamba angaliyaacha gizani. Nchini Tanzania, Jakaya Kikwete alikuwa luteni kanali. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 alitoka jeshini akashika siasa, na mwaka 2005 akachaguliwa kuwa Rais. Cheo chake na siku ya kutoka kwake vilijulikana, wala havikuhitaji kukuzwa.

Kinyume cha hao ni Idi Amin wa Uganda, ambaye hakuomba kura bali alinyakua mamlaka mwaka 1971. Ilisemwa kwamba alipigana Burma, naye alipenda isemwe hivyo. Lakini kumbukumbu zaonyesha kuwa aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha mwaka uliotangulia, akaanza kwa kazi ya msaidizi wa mpishi. Kazi hiyo haikuwa na aibu yoyote. Nimekwambia habari za mpishi niliyemheshimu. Aibu ilikuwa katika kuiona haitoshi. Kifua chake kikajaa nishani, akajiita mshindi wa Dola ya Uingereza. Mwaka 1978 jeshi lake likavamia Kagera, na mwezi wa Aprili 1979 jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni likaingia Kampala, naye akakimbia. Nishani hazikumfaa kitu.

Pengine utaniambia, "Uongo ni wa wanasiasa, sisi raia tumo vipi?" Tumo sana. Mwaka 2003, mwaka ule ule ambao marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na wakoloni iliondolewa, ilisemekana kwamba Jenerali Stanley Mathenge, aliyepotea tangu miaka ya 1950, ameonekana Ethiopia. Mzee mmoja akaletwa Nairobi akapokewa kwa heshima kubwa. Hakujua Kikikuyu wala Kiswahili. Hatimaye ikathibitika kuwa alikuwa mkulima wa Ethiopia, si Mathenge. Mzee huyo hakutudanganya. Tulijidanganya wenyewe, kwa kuwa tulimtaka shujaa kwa hamu kuliko tulivyoutaka ukweli. Na hamu hiyo hiyo ndiyo shamba ambalo mgombea mwongo hupanda mbegu yake. Mimi nilipoandika "alipigana" nilijua kuwa watu watafurahi kulisoma neno hilo.

Wala usidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Nchini Marekani, mwaka 2010, Richard Blumenthal alikuwa akigombea kiti cha Seneti katika jimbo la Connecticut. Alikuwa ametumikia akiba ya wanamaji wakati wa vita vya Vietnam, lakini hakuwahi kupelekwa huko. Magazeti yakafichua kwamba mara kadhaa alikuwa amesema alitumikia katika Vietnam. Akakiri kuwa alikosea maneno, na wapiga kura wakamchagua hata hivyo. Waona, msomaji? Tofauti ya "wakati wa" na "katika" ndiyo tofauti ile ile niliyoichezea mimi katika chumba chetu kule Kaloleni. Sarufi si somo la mtihani tu. Katika neno dogo mtu aweza kuficha bahari.

Lakini sasa nakuomba usimamie na upande wa pili, maana shaka nayo ni silaha, na mikononi mwa mjinga huua wasio na hatia. Mwaka 2004, huko huko Marekani, John Kerry aligombea urais. Alikuwa amepigana Vietnam kweli, akajeruhiwa, akapewa nishani. Wapinzani wake walilipia matangazo ya kudai kwamba sifa hizo ni za uongo. Kumbukumbu za jeshi la majini zilimwunga mkono Kerry, walakini matangazo yalikuwa yamekwisha sikiwa, naye akashindwa katika uchaguzi. Kwa hiyo atakayesema "huyu hakuwa askari" ana mzigo wa ushahidi sawasawa na yule anayesema "mimi nilikuwa askari". Karatasi za wazee huliwa na mchwa na kuungua motoni. Na mtu wa miaka themanini aweza kuchanganya mwaka na mwaka bila ya nia mbaya. Kusahau si kudanganya.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuulize maswali mepesi kwa adabu: alikuwa kikosi gani, miaka gani, mahali gani, kazi gani? Askari wa kweli aghalabu hujibu kwa maneno machache, tena mara nyingi jibu lake ni dogo kuliko ulivyotazamia. Askari wa maneno hujibu kwa hotuba. Pili, tujue haki zetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina sura nzima, Sura ya Sita, juu ya uongozi na maadili. Ibara ya 99 yataka anayegombea ubunge atimize masharti ya maadili. Na Ibara ya 35 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, ingawa haki hiyo ina mipaka yake, hasa katika mambo ya ulinzi. Tatu, na hili ndilo kubwa, tuache kuwalazimisha viongozi wetu kuwa mashujaa. Tukimpigia makofi karani wa ghala anaposema "nilikuwa karani wa ghala", tutakuwa tumeikata mizizi ya uongo wake kabla haujachipua.

Na hata aliyepigana kweli, utumishi wake haumpi hati ya kumiliki kura zetu. Ushujaa wa jana ni sababu ya kumshukuru. Si sababu ya kutomwuliza habari za maji, za taka, na za shule. Shukrani na kura ni vitu viwili, na kila kimoja kina mahali pake.

Msomaji wangu, wewe uko shuleni leo, lakini ukifika umri wa miaka 18 utakuwa mpiga kura, na kabla ya hapo pengine utaitwa kama nilivyoitwa mimi. Siku hizi hawachapi karatasi nyingi. Wanataka kijana mwenye simu na ulimi mzuri awaandikie ujumbe ufike mtaa mzima kwa dakika moja. Utaambiwa, "Unajua kuandika." Utapewa fedha zilizo nyingi kuliko zangu. Nawe utafika mahali ambapo neno la kweli litaonekana baridi, na neno la uongo litaonekana lina moto. Hapo mkumbuke mpishi wa Burma amesimama karibu na ukumbi wa Kaloleni, mikono yake miwili imenyoshwa mbele, anamngoja rafiki ambaye kalamu ya kijana mmoja ilikuwa imemtungia.

Mimi sina budi kulibeba kosa langu. Sikuandika tena nilipoambiwa kuwa bado naweza, na yule aliyeniambia hayupo leo kunisamehe. Ninachoweza ni kuandika sasa, nikiwa nimechelewa miaka mingi, ile sentensi ambayo ilistahili kuwa katika karatasi ile: bwana yule alitumikia jeshi wakati wa vita, akiwa karani wa ghala mjini Nairobi, akahesabu viatu ambavyo wengine walivivaa hata Burma. Ilikuwa kazi njema. Ilitosha.